Kusaka Kosa Kwenye Vihisio na Nyaya za Mradi wa Elektroniki

Kihisio kinaposoma namba isiyoingia akilini, wazo la kwanza linalomjia mtengenezaji mchanga ni kwamba kihisio kimekufa, na la pili ni kwamba programu ina kosa. Katika miradi niliyoitengeneza mwenyewe, na ile niliyoletewa na vijana ili niitazame, mara nyingi kosa halikuwa katika yoyote kati ya hayo mawili. Lilikuwa katika umeme usiofika vizuri kwenye kihisio, katika graundi (GND, waya wa pamoja wa hasi) isiyounganishwa, au katika waya uliokatika ndani ya ganda lake huku kwa nje ukionekana mzima. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio ambao sipendi kuuruka hata ninapokuwa na haraka: kwanza umeme, kisha graundi, kisha njia ya ishara, na programu mwishoni.

Nitatumia mradi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni kipimo cha maji ya tangi lililo juu ya nyumba. Una bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi), kihisio cha mawimbi ya sauti cha HC-SR04 kinachoutazama uso wa maji kutoka kwenye mfuniko, kihisio cha joto cha DS18B20, na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayowasha pampu ya kupandisha maji. Ni mradi unaotengenezwa kwa haja ya kweli katika mitaa ambayo maji ya bomba huja kwa zamu, na ndani yake yamo karibu makosa yote ya nyaya na vihisio ambayo mtu atakutana nayo kwingine.

Kabla ya kupima

Maltimita ya bei nafuu, ile ambayo mafundi wengi huiita testa, inatosha kabisa kwa kazi hii, mradi iwe na sehemu ya volti za DC, sehemu ya omu, na ile inayolia ncha zake mbili zinapounganika. Sehemu ya omu na ile ya mlio hutumiwa umeme ukiwa umezimwa tu, kwa kuwa hapo testa hutuma mkondo wake mdogo yenyewe, na volteji yoyote iliyopo kwenye saketi huipotosha au kuiharibu. Kosa linaloharibu testa nyingi ni kuiacha ncha nyekundu kwenye tundu la ampea baada ya kupima mkondo, kisha kuzigusisha ncha hizo kwenye chanya na graundi kwa nia ya kupima volti. Hapo testa inakuwa sawa na kipande cha waya, shoti inatokea, na fyuzi yake inaungua.

Upande wa pampu una umeme wa nyumbani wa volti 230 au 240, na huo unaua. Chomoa plagi ya pampu ukutani kabla ya kufungua chochote, na uiache ikiwa imechomolewa muda wote wa majaribio, kwa maana rilei itabofya na taa yake ndogo itawaka hata kama hakuna pampu iliyounganishwa. Hakuna jaribio hata moja katika maelezo haya linalohitaji pampu iwe na umeme, isipokuwa lile moja nitakalolitaja waziwazi.

Umeme unaofika, si umeme unaotoka

Weka testa kwenye volti za DC, gusisha ncha nyeusi kwenye mguu wa GND wa kihisio chenyewe na ncha nyekundu kwenye mguu wa VCC (chanya) wa kihisio hichohicho, wakati mradi unafanya kazi. Wengi hupima kwenye pini ya bodi, wakaona volti 5, wakaridhika na kuhamia kwenye programu. Volti 5 zilizotoka kwenye bodi hazina ahadi ya kufika zote upande wa pili, na tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayokuambia hali ya waya na viungo vyake.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo hili. Kebo ya mtandao wa kompyuta, ambayo watu huitumia sana kuvuta umeme hadi darini, kwa kawaida ina nyuzi za shaba za geji 24, na kila mita ya uzi mmoja ina ukinzani wa takriban omu 0.084. Ikiwa chaja iko chini na bodi iko mita 10 juu, mkondo unasafiri mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, kwa hiyo njiani kuna omu zipatazo 1.7. ESP32 inapotuma taarifa kwa Wi-Fi huweza kuvuta kwa ghafla mkondo unaokaribia nusu ampea, na nusu ampea ikipita kwenye omu 1.7 inapoteza volti 0.85. Kati ya volti 5 zinabaki 4.15, wakati kidhibiti volteji cha aina ya AMS1117, kilichomo kwenye bodi nyingi za ESP32, kinahitaji ziada ya takriban volti moja juu ya 3.3 ili kifanye kazi yake sawasawa. Bodi inakosa nguvu, inajizima na kujiwasha upya, na kwenye kompyuta yanatokea maneno "Brownout detector was triggered". Mwenye mradi akiona bodi inajiwasha upya kila inapojaribu kuingia mtandaoni anailaumu Wi-Fi, kumbe tatizo ni urefu na wembamba wa waya.

Ugumu wa kosa hili ni kwamba testa ya kawaida haiwezi kuliona. Testa husoma wastani wa muda fulani, na mporomoko unaodumu sehemu ndogo sana ya sekunde unapita bila namba kubadilika. Ukilishuku, usilisake kwa testa; liondoe, kwa kuisogeza chaja karibu na bodi, au kwa kuunganisha nyuzi mbili au tatu za kebo pamoja kwa kila upande ili kupunguza ukinzani, au kwa kuweka kapasita ya maikrofaradi 470 karibu kabisa na pini za umeme za bodi, ukiangalia usigeuze chanya na hasi. Tatizo likipotea, umelijua. Betri ya mraba ya volti 9, ambayo huuzwa pamoja na vifurushi vingi vya kujifunzia, haifai kuendesha rilei, mota au Wi-Fi, kwa sababu volteji yake hushuka upesi mkondo unapoongezeka.

Graundi moja

Volteji ni tofauti kati ya nukta mbili, na bodi huipima ishara ya kihisio kwa kuilinganisha na graundi yake yenyewe. Ikiwa kihisio kinapata umeme kutoka kwenye chaja nyingine ambayo GND yake haijaunganishwa na GND ya bodi, ishara inakosa mahali pa kupimiwa, na namba zinarukaruka bila mpangilio au hazitokei kabisa. Zima umeme, weka testa kwenye mlio, gusisha ncha moja kwenye GND ya bodi na nyingine kwenye GND ya kihisio. Isipolia, umepata kosa. Baada ya kuunganisha, washa umeme na upime volti za DC kati ya graundi hizo mbili. Zinapaswa kukaribia sifuri, na ukiona sehemu ya kumi ya volti au zaidi, ujue njia ya kurudi ina waya mwembamba mno au kiungo kibovu.

Panapo rilei yenye kitenganishi cha mwanga, ambacho huzuia upande wa koili (sumaku ya rilei) usigusane na upande wa bodi, mtengenezaji wake anaweza kuwa ameziacha graundi zitengane kwa makusudi. Huko usiunganishe bila kuusoma kwanza mchoro wa moduli hiyo.

Bredibodi, viungo na nyaya

Matundu ya bredibodi, ubao wa majaribio wa kuchomeka nyaya bila kuchomelea, yameunganishwa kwa makundi ya matano matano, na mfereji wa katikati hutenganisha upande mmoja na mwingine. Mistari mirefu ya umeme iliyo pembeni, kwenye baadhi ya bredibodi ndefu, imekatika katikati bila alama ya wazi zaidi ya pengo dogo kwenye mstari mwekundu au wa buluu uliochorwa. Kihisio kilichochomekwa nusu ya pili hakipati umeme, na mwenye mradi anaweza kukesha akitafuta sababu. Pima kwa mlio kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari kabla ya kujenga juu yake.

Moduli nyingi za vihisio huuzwa zikiwa na safu ya pini iliyo kando, haijachomelewa. Nimeletewa miradi kadhaa ambayo pini hizo zilipenyezwa tu kwenye matundu ya moduli, na mwenyewe aliamini zimegusa kwa kuwa zilikaza. Zinagusa sekunde moja na kuachia sekunde inayofuata, na hivyo mradi hufanya kazi ukiukandamiza kwa kidole. Hapo hakuna dawa zaidi ya kuchomelea kwa risasi. Kiungo kizuri kina umbo la koni fupi iliyotambaa kwenye pini na kwenye duara la shaba. Kilichopoa vibaya kinafanana na tone lililokaa juu bila kushika.

Nyaya za kuunganishia zenye vichwa vyeusi vya plastiki hukatika ndani, hasa pale waya unapoingia kwenye kichwa. Njia ya kuugundua waya kama huo ni kushikiza ncha za testa kwenye vichwa vyake viwili, kuweka mlio, kisha kuukunja taratibu karibu na kila kichwa. Mlio ukikatakata, utupe waya huo hapohapo, usiurudishe kwenye boksi. Kwa wanaoishi pwani, ambako hewa ina chumvi, shaba iliyo wazi hupata kutu ya kijani ndani ya miezi michache, na kiungo kilichokuwa kizuri mwezi wa kwanza kinakuwa na ukinzani mkubwa mwezi wa sita. Viungo vya juu ya tangi vichomelewe na kufunikwa, visiachwe kwenye bredibodi.

Namba ina maana

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa zaidi wa habari, na ndipo watu wanapopita haraka. Namba mbaya si kelele tu. Kila kihisio kina namna yake ya kukosea, na namna hiyo huelekeza mahali pa kutazama.

Anza na HC-SR04. Bodi hukipa kihisio hiki pigo la mikrosekunde 10 kwenye mguu wa TRIG, nacho hutoa mlio wa mitetemo 40,000 kwa sekunde ambao sikio haliusikii, kisha huinua mguu wa ECHO hadi mwangwi urudi. Kila mikrosekunde 58 hivi za mguu huo kuwa juu ni sawa na sentimita moja ya umbali. Ukipata 0 kila mara kutoka kwenye pulseIn, amri ya programu inayopima muda wa pigo, maana yake ni kwamba bodi haikuona pigo lolote likirudi: TRIG na ECHO zimebadilishana nafasi, waya wa ECHO umekatika, au kihisio hakina umeme. Ukipata namba kubwa kupita mita 4, ambao ndio upeo wake, umeme upo na nyaya ni nzima, ila sauti haikurudi, labda kwa sababu kihisio kimeinama na sauti inarushwa pembeni. Ukipata namba ileile fupi hata maji yanaposhuka, kihisio kinaona ukuta wa tangi, bomba la kuingizia maji au ukingo wa tundu ulilokata kwenye mfuniko; sauti yake hutawanyika kama koni, kwa hiyo kiweke mbali na ukuta.

HC-SR04 ya kawaida hufanya kazi kwa volti 5, na mguu wake wa ECHO hutoa volti 5, ilhali pini za ESP32 ni za volti 3.3. Mradi unaweza kufanya kazi hivyohivyo kwa siku kadhaa kisha pini ikafa. Tumia rezista mbili kupunguza: omu 1,000 kutoka ECHO hadi pini ya bodi, na omu 2,000 kutoka pini hiyo hadi graundi, nawe utapata theluthi mbili ya 5, yaani volti 3.33. Ukikosa rezista ya omu 2,000, unganisha mbili za 1,000 kwa kufuatana. Kama zamani uliunganisha bila rezista na sasa unapata 0, hamishia ECHO kwenye pini nyingine kabla ya kukihukumu kihisio.

Mvuke wa ndani ya tangi ni adui mwingine. Matone yakishika kwenye macho mawili ya kihisio, namba zinaanza kuyumba asubuhi na kutulia mchana jua likikausha. Kuna aina isiyopenya maji, JSN-SR04T, lakini hiyo haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hivi, kwa hiyo tangi likijaa hadi karibu na mfuniko itatoa namba ya uongo mpaka uipandishe juu zaidi.

Kama namba ni nzuri ila zinapishana na fimbo ya kupimia kwa sentimita mbili tatu, huenda hakuna kosa la waya hata kidogo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20, na takriban 349 ikiwa na nyuzijoto 30. Kwenye umbali wa mita 2 tofauti hiyo huleta zaidi ya sentimita 3, na tangi jeusi lililopigwa na jua huwa na hewa ya joto kuliko hiyo. Ndiyo sababu DS18B20 imo katika mradi huu: joto linalosomwa hutumika kusahihisha umbali.

Nayo DS18B20 ina namba zake mbili za kukumbuka. Maktaba ya DallasTemperature (programu iliyoandikwa tayari ya kukisoma) ikirudisha -127, bodi haikioni kihisio. Tazama kwanza rezista ya omu 4,700 ambayo lazima iwe kati ya waya wa data na waya wa chanya. Bila hiyo waya wa data haurudi juu, na kukosekana kwake ndiko chanzo kikubwa zaidi cha -127 nilichokiona. Ikirudisha 85 kamili, kihisio kinaonekana lakini hakijamaliza kupima, kwa kuwa 85 ndiyo namba inayokaa ndani yake mara tu kinapopata umeme. Ama programu imesoma kabla ya milisekunde 750 zinazohitajika kwa kipimo cha biti 12, ama umeme wake unakatika na kurudi, na hapo urudi kwenye waya wa chanya.

Kihisio hicho kikichoma kidole, kizime mara moja, maana chanya na graundi zimegeuzwa. Chenye umbo la tranzista, ukikitazama uso bapa miguu ikiwa chini, kina GND kushoto, data katikati na chanya kulia. LM35, inayofanana nacho kabisa kwa umbo, ina chanya kushoto na GND kulia. Soma maandishi madogo yaliyo usoni kabla ya kuchomeka, na kwa vile vyenye kebo usiamini rangi peke yake, kwa kuwa wauzaji hawafuati rangi moja.

Ukiongeza kihisio cha analogi, kinachotoa volteji inayopanda na kushuka, 0 isiyobadilika mara nyingi ni shoti kwenda graundi au kihisio kisicho na umeme, na 4095 isiyobadilika ni ishara iliyogusa au kupita kiwango cha juu. Namba inayotangatanga, na ambayo hubadilika ukisogeza mkono karibu na waya, ni ya pini isiyounganishwa na kitu; inaokota umeme wa nyumba ulio hewani kama antena. Kwenye ESP32 liko jambo jingine linalowasumbua wengi: pini za kundi la ADC2 (ADC ni sehemu inayogeuza volteji kuwa namba) haziaminiki kwa usomaji wa analogi Wi-Fi ikiwa inatumika, hata kama zilisoma vizuri ulipojaribu bila mtandao. Tumia pini ya 32 hadi 36, au 39, ambazo ni za ADC1.

Na ukiunganisha vifaa vya I2C, vinavyotumia waya mbili za pamoja na kutambuliwa kila kimoja kwa anwani yake, kama kioo cha kuonyeshea namba, endesha kwanza programu ndogo ya kutafuta anwani. Vioo vingi huwa 0x27 au 0x3F, na kuandika moja wakati kifaa kina nyingine hutoa kioo chenye mwanga lakini bila maandishi. Saa ya DS3231 na kihisio cha mwendo cha MPU6050 zote ziko 0x68, kwa hiyo haziwezi kukaa pamoja mpaka uunganishe mguu wa AD0 wa MPU6050 na chanya ili ihamie 0x69.

Makosa yanayotokea rilei inapobofya

Mradi ukisoma vizuri muda wote isipokuwa pampu inapowaka au kuzima, tenga mambo mawili. Chomoa pampu, acha rilei ibofye peke yake. Usomaji ukiharibika, koili ya rilei ndiyo inayoyumbisha umeme, kwa kuwa huvuta takriban miliampea 70 hadi 80 kwa ghafla; ipe njia yake ya umeme kutoka kwenye chaja badala ya kuipitisha kwenye bodi. Kama ni rilei tupu isiyo kwenye moduli, hakikisha ina tranzista ya kuiendesha na diodi kama 1N4007 iliyowekwa kinyume kwenye koili, kwa sababu koili inapozimwa hurusha volteji kubwa inayoweza kuua chipu.

Usomaji ukibaki mzuri, funga kasha, rudisha plagi ya pampu, kaa mbali na nyaya, na utazame namba kwenye kompyuta tu. Zikiharibika sasa, kelele inatoka kwenye mota. Tenganisha waya za vihisio na waya za pampu, zisipite bomba moja, na pale zinapolazimika kukutana zikatishe kwa pembe mraba.

Programu, mwishoni

Usijaribu kutengeneza ndani ya programu kubwa. Andika nyingine yenye mistari michache, inayosoma kihisio kimoja na kuchapisha namba moja kila sekunde mbili, bila Wi-Fi wala rilei. Ikifanya kazi, ongeza kipande kimoja, jaribu tena, kisha kingine. Ukibadilisha waya na maktaba na chaja kwa wakati mmoja, mradi unaweza kupona bila wewe kujua kilichouponya, na kosa lilelile litakurudia. Kama bodi haionekani kabisa kwenye kompyuta, badilisha kebo ya USB kwanza. Ziko nyingi za kuchajia simu tu, zisizo na waya za data.

Kosa linalokuja na kuondoka litegee. Acha programu hiyo ndogo iandike saa na namba kila dakika usiku kucha, pamoja na hesabu ya mara ambazo bodi imejiwasha upya, kisha asubuhi tazama ni saa ngapi namba zilivurugika na ulinganishe na saa za pampu, za joto na za umeme kukatika mtaani.